Fabregas wa Gisenyi: Fundi wa Mpira Aliyevuka Mpaka

GISOZI, Kigali. Katika Gakiriro, eneo la mafundi wa mbao na vyuma hapa Gisozi, neno "fundi" halitolewi bure. Fundi ni mtu ambaye kazi yake inatambulika kabla hujauliza jina lake. Mlango ukifunga vizuri na kitanda kisipolia, wateja huuliza nani kakitengeneza, na jina lake huvuka kilima hadi Kimironko na Nyamirambo.

Jijini Dar es Salaam mashabiki wa soka hulitumia neno hilo hilo uwanjani. Fundi kwao ni yule anayeutuliza mpira wenzake wakiwa na papara, akageuka, akauona upenyo ambao beki hajauona. Kwa karibu miaka kumi, mmoja wa watu walioitwa hivyo kule Tanzania alikuwa Mnyarwanda, Haruna Niyonzima.

Mashabiki walimpa na jina la pili, "Fabregas", kwa kumfananisha na kiungo wa Hispania, Cesc Fabregas. Ni jina la sifa. Lakini ukiyaweka maisha ya viungo hao wawili pamoja, unakuta mambo mengi yanayofanana na jambo moja kubwa linalowatenganisha. Jambo hilo linaihusu Afrika Mashariki nzima kuliko linavyomhusu Haruna peke yake.

Jina lilikotoka

Cesc Fabregas alizaliwa tarehe 4 Mei 1987 katika mji wa Arenys de Mar, ufukweni mwa Catalonia. Alilelewa katika akademia ya Barcelona, lakini mwaka 2003, akiwa na miaka 16, alifunga safari kwenda London kujiunga na Arsenal. Oktoba mwaka huo alicheza mechi yake ya kwanza na kuwa mchezaji mdogo kuliko wote katika historia ya klabu hiyo. Miaka mitano baadaye kocha Arsene Wenger alimpa kitambaa cha unahodha.

Hakuwa na mbio za kutisha wala mwili wa kuwasukuma watu. Silaha yake ilikuwa pasi. Alimaliza kazi yake England akiwa ametoa pasi za mabao 111 katika Ligi Kuu. Katika fainali ya Kombe la Dunia la 2010 jijini Johannesburg, ndiye aliyempa Andres Iniesta mpira uliozaa bao pekee dhidi ya Uholanzi. Akiwa na Hispania alitwaa pia Kombe la Ulaya mwaka 2008 na 2012.

Mwaka 2011 alirudi nyumbani Barcelona. Mwaka 2014 akahamia Chelsea, mahasimu wa Arsenal jijini London, na mashabiki wengi waliokuwa wakiliimba jina lake wakamgeuka. Akabeba ubingwa wa England mara mbili akiwa na jezi ya bluu. Alimalizia soka lake Monaco na Como ya Italia, akastaafu mwaka 2023, na baadaye akawa kocha wa Como.

Kigali inaifahamu Arsenal vizuri. Mwaka 2018, miaka saba baada ya Fabregas kuondoka, maneno "Visit Rwanda" yalianza kuonekana kwenye mkono wa jezi ya klabu hiyo. Ila jina la Fabregas lilikuwa limeshafika mapema, likiwa mgongoni mwa kijana wa Gisenyi.

Mtoto wa mpakani

Haruna Niyonzima alizaliwa tarehe 5 Februari 1990 mjini Gisenyi, kwenye ufukwe wa Ziwa Kivu. Ukitembea kidogo kutoka katikati ya mji unafika mpakani, na ng'ambo ni Goma, Kongo. Wanaovuka asubuhi wakiwa na vikapu vya mboga na kurudi jioni wamezoea kuchanganya Kinyarwanda na Kiswahili kabla hawajafika kizuizi. Mtoto wa mji huo hahitaji kufundishwa kwamba upande wa pili wa mstari kuna watu.

Alianza na klabu ya nyumbani, Etincelles, kisha akaja Kigali kuichezea Rayon Sports, na mwaka 2007 akahamia APR. Wanaoijua soka ya Rwanda wanajua uzito wa hatua hiyo, kwa sababu Rayon na APR ni watani wasiopeana salamu siku ya mechi. Kwa hiyo kuvaa jezi ya mpinzani hakukuanzia Dar es Salaam kwake.

Akiwa APR alitwaa mataji ya ligi na kuichezea timu ya taifa, Amavubi. Kisha mwaka 2011, mwaka ule ule ambao Fabregas wa Hispania aliondoka London kurudi Barcelona, Fabregas wa Gisenyi alisaini Young Africans, Yanga ya Dar es Salaam.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayozungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka ya nchi wanachama, ilikuwa imeanza kutumika Julai 2010. Haruna hakwenda Tanzania kwa ajili ya itifaki. Alikwenda kutafuta kazi na mshahara, kama wafanyavyo mafundi wengi. Hata hivyo, watu wachache wameonyesha mbele ya macho mengi kiasi hicho maana ya itifaki ile.

Maisha ya Jangwani

Dar es Salaam haikumpokea kwa utulivu. Msimu wake wa kwanza ulimalizika kwa aibu ambayo Wanayanga hawapendi kukumbushwa: Mei 2012, Simba iliifunga Yanga mabao 5-0. Katika mji ambao dereva wa daladala na bosi wa benki hugawanyika kwa rangi ya kijani na nyekundu, kipigo kama hicho huwaelekea kwanza wageni, kwa kuwa wao ndio walioletwa kwa gharama.

Jibu lilikuja miezi miwili tu baadaye. Julai 2012 Yanga ilitwaa Kombe la Kagame, ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati, kwa kuifunga Azam 2-0 katika fainali. Bao moja lilifungwa na Mganda, Hamis Kiiza, na jingine na Mtanzania, Said Bahanuzi. Kombe lenye jina la Rais wa Rwanda likabaki Dar es Salaam, na katika kikosi kilicholibeba alikuwamo kijana wa Gisenyi.

Tangu hapo mambo yakafunguka. Yanga ilikuwa bingwa wa Tanzania msimu wa 2012/13, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 2014/15 hadi 2016/17. Mwaka 2016 ilifika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kikosi cha miaka hiyo kilikuwa jumuiya ndogo: Watanzania, Mganda Kiiza, Warundi Didier Kavumbagu na Amissi Tambwe, na Haruna katikati akiwagawia mpira. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, na mtoto wa mpakani alikuja nacho kutoka nyumbani.

Kati ya klabu na taifa

Kazi ya ugenini ina bei yake, na Haruna aliilipa mwishoni mwa mwaka 2015.

Novemba mwaka huo alijiunga na Amavubi kwa michuano ya Kombe la Chalenji nchini Ethiopia. Rwanda ilifika fainali na kufungwa na Uganda 1-0. Baada ya michuano, Yanga ilimtuhumu kuchelewa kurudi kazini, na Desemba ikatangaza kuuvunja mkataba wake. Kwa wiki kadhaa nahodha wa Rwanda hakuwa na klabu. Januari 2016 pande mbili zikapatana, akarudi mazoezini.

Januari hiyo hiyo Rwanda ilikuwa mwenyeji wa michuano ya CHAN. Viwanja vilijaa na Amavubi wakafika robo fainali, ambako walitolewa na Kongo katika muda wa nyongeza. Haruna hakuwamo. CHAN ni ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao, na kwa kanuni hiyo Mnyarwanda anayefanya kazi Dar es Salaam huhesabiwa kuwa ametoka nje, sawa na anayecheza Ubelgiji. Mashindano makubwa kabisa ya soka kuwahi kufanyika nyumbani kwake yalipita bila nahodha wake, kwa sababu alikuwa ameajiriwa kwa jirani.

Jezi ya kijani ikachomwa

Mwaka 2017 akafanya lile ambalo Fabregas wa Hispania alilifanya mwaka 2014. Alihama Yanga kwenda Simba.

Baadhi ya mashabiki wa Yanga walichoma jezi yenye jina lake. Umbali kutoka Mtaa wa Jangwani hadi Mtaa wa Msimbazi unaweza kuutembea kwa miguu, lakini kwa mchezaji ni safari ndefu kuliko ya Kigali hadi Dar. Majeraha yalimweka nje kwa muda mrefu katika msimu wake wa kwanza, na waliomchukia wakaona wamepata jibu.

Hata hivyo Simba ilitwaa ubingwa wa 2017/18 na 2018/19. Msimu huo wa pili ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na kutolewa na TP Mazembe ya Lubumbashi. Kwa misimu minane mfululizo Tanzania, Haruna alikuwa katika vikosi vilivyobeba ubingwa mara sita.

Kisha likatokea ambalo halikumtokea Cesc. Baada ya miezi michache nyumbani katika AS Kigali, Yanga ilimwita tena katika usajili wa katikati ya msimu wa 2019/20. Julai 2021 klabu ile ile iliyowahi kuuvunja mkataba wake ilimuaga rasmi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, mbele ya mashabiki wa rangi ile ile iliyochoma jezi yake. Ni wachezaji wachache wa kigeni walioagwa hivyo Tanzania.

Alirudi AS Kigali, iliyotwaa Kombe la Amani mwaka 2022 kwa kuifunga APR katika fainali, akacheza Libya katika klabu ya Al Ta'awon, na mwaka 2024 akavaa tena jezi ya Rayon Sports kwa muda mfupi.

Mechi mia bila AFCON

Hapa ndipo Fabregas wawili wanapoachana.

Cesc aliichezea Hispania mechi 110. Ndani ya mechi hizo mna Kombe la Dunia moja na Kombe la Ulaya mara mbili. Haruna naye aliichezea Rwanda zaidi ya mechi 100, idadi ambayo hakuna Mnyarwanda aliyeifikia kabla yake, na kwa miaka mingi alikuwa nahodha. Ndani ya mechi hizo zote hamna hata moja ya fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Rwanda imewahi kufuzu mara moja tu, mwaka 2004 nchini Tunisia, wakati Haruna akiwa bado mvulana.

Si suala la kipaji peke yake. Cesc alikwenda London akiwa na miaka 16 huku nyuma yake kuna nchi iliyokuwa ikizalisha viungo kwa mpango, mwaka hadi mwaka. Haruna alikwenda Dar akiwa na miaka 21, na kila aliporudi Amavubi alikuta kikosi kinajengwa upya.

Jirani au mgeni?

Njia aliyopita haikufungwa nyuma yake. Mwaka 2015 Jean Baptiste Mugiraneza alikwenda Azam, na Meddie Kagere akaenda Gor Mahia ya Kenya. Mwaka 2016 Jacques Tuyisenge akamfuata Kagere Nairobi. Kagere baadaye alihamia Simba, akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania msimu wa 2018/19 kwa mabao 23.

Lakini katika miaka yake yote Dar, Haruna alihesabiwa katika nafasi za wachezaji wa kigeni, kikapu kimoja na aliyetoka Brazil au Ghana. Klabu iliyotaka Mnyarwanda au Mrundi ilibidi ipime kama inafaa kumtumia nafasi ambayo ingeweza kumpa mtu wa mbali mwenye sifa kubwa zaidi. Viongozi wa soka wana hoja yao: bila ukomo, vijana wa nyumbani watakosa nafasi. Hoja hiyo ina uzito. Ila Jumuiya inayomwambia seremala wa Gisozi kwamba Arusha na Kampala ni soko lake inapaswa pia kumjibu mchezaji wa Gisenyi anayeuliza kwa nini yeye ni mgeni huko.

Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya, na mpaka wa Gisenyi na Goma ukawa, kwa karatasi, mpaka wa ndani. AFCON ya 2027 imepangwa kuchezwa Kenya, Uganda na Tanzania, jirani kuliko ilivyowahi kuwa kwa Mnyarwanda yeyote.

Ikifika siku hiyo, hapa Gakiriro misumeno itazimwa mapema na watu watasogea kwenye luninga. Haruna atakuwa na miaka 37. Kwake AFCON imeshapita. Swali linalobaki ni la kijana ambaye leo ana miaka 16, umri aliokuwa nao Cesc alipofunga begi lake kwenda London: akivuka kwenda Dar au Nairobi kufanya kazi yake, atahesabiwa nani?