Operesheni ya ngiri, hatari ya moyo

Mshipa wa moyo uliozibwa nusu na mafuta unaweza kukaa kimya miaka mingi, hadi mwenyewe apasuliwe kitu kingine kabisa: ngiri, tezi dume, nyonga iliyovunjika. Damu inapotoka presha hushuka. Maumivu huyapeleka mapigo mbio, na damu huganda upesi kuliko kawaida. Moyo hudai oksijeni zaidi wakati njia ya kuifikisha imebana.

Kwa mgonjwa wa Lubumbashi anayengoja zamu yake Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu, kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Je, anapanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama? Anayeishi Katuba katika nyumba isiyo na ghorofa ataulizwa kama bado anabeba bidoni ya maji bila kuhema. Kisha huja historia: moyo kushindwa kazi, kiharusi, sukari ya kuchoma insulini, figo dhaifu. Aliyepata shambulio la moyo hungoja walau siku 60, ikiwa ugonjwa wa kupasuliwa unavumilia. Aliyewekewa stenti, kibomba cha kuuacha mshipa wa moyo wazi, kwa kawaida hungoja miezi 6 au zaidi.

Kuzibua mishipa kwanza hakusaidii kila mtu. Utafiti wa Marekani wa 2004, kwa wagonjwa 510 ambao hali zao zilikuwa tulivu, haukuona vifo vikipungua. Utafiti wa POISE wa 2008 ulishangaza zaidi: dawa ya kupunguza mapigo, ikianzwa siku ya operesheni, ilipunguza mashambulio ya moyo lakini ikaongeza viharusi na vifo. Anayeimeza tangu zamani aendelee nayo.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mgonjwa akiambiwa asile kitu tangu usiku, bukari huachwa, na vidonge navyo hubaki kwenye mfuko wa plastiki kando ya kitanda. Dawa ya mapigo na ya kolesteroli humezwa kwa maji kidogo. Baadhi ya dawa za tansio, sukari na za kuzuia damu kuganda husimamishwa, ila kwa amri ya daktari tu.

Utafiti wa 2018 katika nchi 25 za Afrika, Kongo ikiwemo, ulionyesha kuwa vifo vingi hutokea baada ya upasuaji. Mashambulio mengi ya moyo huja ndani ya siku mbili za kwanza, bila kifua kuuma, kwa kuwa dawa za maumivu huyaficha. Kipimo cha damu cha troponini huyafichua. Kisipokuwepo, ndugu anayelala na mgonjwa amwite muuguzi akiona pumzi fupi, jasho baridi, mapigo ya mbio au maneno yasiyoeleweka.