Rangi Idumuyo Chini ya Gari la Chama

Gari la chama linalofanya kazi Newala au Tandahimba huchakazwa na mawe na vumbi. Lile linaloshuka Mikindani, Msimbati na vijiji vya mlango wa Mto Ruvuma lina adui wa ziada, naye ni chumvi. Hupita katika mchanga wa pwani, tope la mikoko na njia za mashamba ya chumvi, kisha huegeshwa likiwa na tope lile lile. Chumvi hufyonza unyevu wa hewa. Kwa hiyo chuma kilichogandamana na tope hilo hubaki kimelowa hata siku isiyo na mvua, na kutu huendelea usiku na mchana.

Wengi hudhani kuwa Land Rover haishiki kutu. Hiyo ni nusu ya ukweli. Bodi ya Land Rover za zamani ni ya aluminiamu, lakini chesisi yake ni ya chuma, tena yenye uwazi ndani. Bodi yaweza kung'aa na huku chesisi imekwisha kuliwa.

Kosa la kawaida ni kununua rangi nyeusi ya bei nafuu na kuipaka juu ya kutu. Siku ya mkutano mkuu gari hupendeza. Masika yakipita, rangi hubambuka magamba, na hati nyingine ya malipo huletwa kwa katibu.

KUSAFISHA. Hakuna rangi, hata iwe ghali namna gani, inayoshika juu ya chumvi. Gari lioshwe kwa maji baridi mengi, mafuta yaondolewe, kisha kutu ikwanguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane. Lioshwe tena na kukaushwa kabisa. Tahadhari: rangi nyekundu ya risasi, iliyotumika sana zamani, ni sumu. Penye rangi hiyo fundi asisugue kikavu wala kuvuta vumbi lake.

KUCHAGUA. Rangi ya mafuta ya kawaida ni rahisi kupaka, lakini huchubuliwa upesi na mawe.

Lami huzuia maji ikipakwa juu ya chuma safi. Ikizeeka hupasuka, maji ya chumvi huingia katika ufa, na kutu hujificha isionekane na mkaguzi wala fundi.

Rangi yenye zinki nyingi hufanya kazi kama zinki ya bati la paa: zinki huliwa kwanza na kukinga chuma. Lakini sharti iguse chuma kitupu. Ikipakwa juu ya kutu au rangi ya zamani, faida hiyo hupotea.

Epoksi ya makopo mawili hushika sana na hustahimili chumvi. Hupauka juani, lakini chini ya gari jua halifiki. Kwa chesisi na ekseli ndiyo ifaayo zaidi, mikono miwili au zaidi, kwa vipimo vya mtengenezaji. Ikishachanganywa itumike kabla haijaganda, mahali penye hewa ya kutosha.

Ndani ya chesisi brashi haifiki. Hapo hupuliziwa nta ya kuzuia kutu. Matundu ya kutolea maji yasizibwe. Mipira ya breki, diski, ekzosi na sehemu za kutilia grisi zisipakwe rangi kamwe.

WAKATI. Miezi ya Julai hadi Septemba hufaa, kwani mvua ni haba na msimu wa korosho haujapamba moto. Isipakwe alfajiri chuma kikiwa na umande.

WAJIBU WA KATIBU. Kabla ya kuidhinisha malipo aulize: chuma kimesafishwa namna gani, rangi ni ya aina gani, na mikono mingapi? Majibu pamoja na tarehe yaandikwe katika daftari la gari. Bei ipimwe kwa miaka ambayo rangi itadumu, wala si kwa kopo. Na kila safari ya pwani ikiisha, dereva aoshe chini ya gari kwa maji baridi.

Chesisi ikikatika njiani, korosho za wanachama hulala porini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.