Nyundo za Gerezani na Masikio ya Baba Mdogo

Baba mdogo amefua mabati Gerezani, Dar es Salaam, tangu ujana wake. Nikimwamkia "Shikamoo, baba," anaitikia vizuri. Binti yangu akimsemesha, ananigeukia mimi. Sauti anaisikia, maneno hayamfikii. Nyumbani wanasema ni uzee. Mimi naamini ni kelele.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Ukifika kwenye kiwambo cha sikio, vifupa vitatu huupokea na kuupitisha hadi koklea, mrija wenye majimaji uliojisokota kama konokono. Humo mna seli zenye vinyweleo, takribani 15,000 kwa kila sikio. Vinyweleo vikipinda, seli hutoa ishara inayosafiri kwa mshipa wa fahamu hadi ubongoni. Seli hizo zikifa, kwa binadamu hazioti tena (za ndege huota upya!). Zinazopokea sauti nyembamba ndizo hutangulia kufa, ndiyo maana sauti za watoto, pamoja na herufi kama s na f, humpotea mtu mapema.

Kelele kali huua seli hizo. Kazini, kikomo cha kelele kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila kiwango kinapopanda kwa desibeli 3, muda salama hupungua kwa nusu. Nyundo juu ya bati hupita hapo kwa mbali.

Wapo wanaozibwa masikio na nta tu, au wenye usaha usiotibiwa. Hao hospitali huwasaidia. Homa ya uti wa mgongo na sindano za gentamisini nazo huweza kuua seli zilezile. Kwa baba mdogo, kilichobaki ni kifaa cha kusikilizia, nacho ni ghali. Lakini vijana wanaofua naye bado wanasikia. Wanahitaji vizibo vya masikio sasa, na mwenye karakana ndiye anayepaswa kuvinunua.