Moto Ukipanda Mlima

Watu wa mjini wakisikia nimewahi kupanda Kilimanjaro kwenda kuzima moto, huniuliza mlipata wapi maji. Vichwani mwao wana gari jekundu, mpira mrefu na mtu mwenye kofia ngumu. Gari jekundu mwisho wake ni geti la Marangu. Moto wa Oktoba 2020 ulianzia Whona, pale wageni wanapopumzika kati ya kambi za Mandara na Horombo, na kutoka getini hufiki hapo ila kwa miguu. Huko tunazima kwa panga, koleo, jembe na matawi mabichi. Tunakata mkuza, yaani tunafyeka na kukwangua ukanda wa ardhi mpaka udongo uonekane, ili moto ukifika usikute cha kula. Unaolala chini tunaupiga kwa matawi. Ukishainuka kuliko kimo cha mtu, matawi hayasaidii kitu, na aliyeng'ang'ania kupiga anajitafutia msiba.

Mimi ni mwongoza wageni. Mlima ukiwaka tunapanda wengi: watu wa Hifadhi za Taifa (TANAPA), Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, wanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, wapagazi, na wanakijiji walioacha migomba yao. Mwaka 2020 tulizidi watu 500, na hata hivyo ziliungua kilomita za mraba zipatazo 95. Watu hutusifu kwa ushujaa, nasi twashukuru. Ila sifa hizo zinafunika jambo ambalo wengi wetu tunapanda bila kulijua sawasawa, nalo ni jinsi moto wa porini unavyoua.

Mteremko ndio adui wa kwanza. Kwenye tambarare, mwali husimama wima na joto lake kubwa huenda angani. Kwenye mlima mwali huinamia majani yaliyo juu yake, huyakausha na kuyapasha kabla haujayagusa, hivyo ukiyafikia huwa yako tayari kuwaka. Wataalamu wa misitu wa Australia wana kanuni yao ya kukadiria: kila mwinuko ukiongezeka nyuzi 10, kasi ya moto unaopanda huwa maradufu. Mteremko wa nyuzi 20, ambao mpagazi wa hapa anaupanda huku akipiga hadithi, moto unaupanda kwa kasi mara nne ya ile ya tambarare. Binadamu ni kinyume. Kwenye mita 3,500 kila pumzi inakupa hewa kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani. Moto unaongeza mwendo palepale wewe unapoishiwa nguvu.

Korongo ni baya zaidi, kwa sababu kuta zake mbili hukusanya joto na kulivuta juu kama dohani. Bahati mbaya mtu aliyechoka hupenda korongo. Lina kivuli, pengine lina kijito, na njia yake inaonekana rahisi. Vijana wangu nimewakataza kupumzika humo hata kwa dakika ya kunywa maji.

Halafu upepo. Anayeishi mlimani anajua kwamba mchana hewa hupanda na jioni hushuka, kwa sababu jua hupasha mteremko na usiku huupoza. Mkuza uliokatwa saa nane mchana ukaonekana umeuzuia moto, saa moja usiku unaweza kushambuliwa kutoka upande ambao hakuna aliyeulinda. Miali inageuka, waliokuwa nyuma ya moto wanajikuta mbele yake. Ndiyo maana wanaojua kazi huanzia mkiani, mahali palipokwisha kuungua, wakafuata mbavu za moto taratibu kuelekea kichwani. Kuukabili moto kichwani, tena ukiwa juu yake, ni kazi ya asiyeambiwa.

Kuna kisa ambacho mafunzo mengi ya wazimamoto duniani hukirudia, nami naona kila kijana wa Rombo, Kilema na Machame angepaswa kukisikia. Tarehe 5 Agosti 1949, huko Montana, Marekani, wazimamoto 15 waliruka kwa miavuli katika bonde liitwalo Mann Gulch. Chini walikutana na mlinzi mmoja wa msitu aliyekuwa ameshaanza kupambana. Moto ulionekana wa kawaida. Walikuwa wakishuka kuelekea mto Missouri moto ulipovuka bonde na kutokea chini yao, ukawaziba wasifike mtoni. Wakageuka kupanda. Mteremko mkali, majani makavu, moto nyuma yao.

Kiongozi wao, Wagner Dodge, aliona hawatafika kileleni. Aliwaamuru watupe zana, kisha akafanya jambo lililowachanganya: akawasha kiberiti, akachoma majani yaliyokuwa mbele yake. Yalipoungua akaingia kwenye jivu, akalala kifudifudi, akawaita wenzake waingie naye. Hakuna aliyemfuata. Mtu anakimbia moto, wewe unamwashia mwingine. Nani atakuelewa wakati huo? Vijana wawili walipenya kwenye ufa wa mwamba juu ya ukingo wakapona. Dodge naye alipona, moto mkubwa ukampita kwa sababu alipolala hapakuwa tena na cha kuungua. Watu 13 walikufa.

Wafugaji wa nyika zetu wanajua tangu zamani kwamba ardhi iliyokwisha kuungua ni kimbilio. Dodge alisema hakuwahi kufundishwa mbinu ile, ilimjia palepale. Lakini kinachonigusa zaidi ni ule ukimya baada ya wito wake. Alijua la kufanya, ila timu yake haikuwa imelisikia hata siku moja kabla, na mtu haelimishwi kwa sekunde chache moto ukinguruma mgongoni. Zana nazo zina mkasa wake. Mwaka 1994, katika mlima wa Storm King, Colorado, walikufa wazimamoto 14, na baadhi yao walikutwa bado wamebeba vifaa. Kuacha msumeno ni kukubali kwamba kazi imekushinda, na wanaume hawapendi kukubali. Kwetu kuna jambo la ziada: panga ni mali ya mtu, kalinunua kwa fedha yake, analitegemea shambani. Kumwambia alitupe kunataka maelezo, na maelezo hayo yatolewe getini.

Vifaa bora havikulindi na kila kitu. Juni 2013, Yarnell Hill, Arizona, kikosi chenye mafunzo ya hali ya juu kilipoteza watu 19 kwa mara moja. Walikuwa wameshasimama kwenye eneo lililoungua, salama. Wakaliacha, wakashuka kupitia vichaka, upepo wa dhoruba ya radi ukageuza moto ukawakuta kwenye bonde. Walikuwa na mahema madogo ya karatasi ya alumini ya kujifunika. Yale huzuia joto la mbali. Miali ikiyagusa yenyewe, hayastahimili.

Sisi hata hema hilo hatuna, na hapa niseme kuhusu nguo. Mpagazi wa Kilimanjaro huvaa alichoachiwa na wageni: jaketi la naironi, sweta la poliesta, suruali nyepesi ya kupandia. Kwa baridi ni nguo nzuri ajabu. Karibu na moto huyeyuka zikagandana na ngozi. Jinzi kuukuu ya mtumba, ya pamba tupu, na sweta la sufu la babu ni salama kuliko jaketi lenye nembo ya Ulaya. Ukimwambia kijana avue jaketi lake zuri avae koti la babu, anakuona humpendi.

Moshi una hila zake. Utawaona watu wamefunga kitambaa kibichi puani wakaamini wamejikinga. Kitambaa kinazuia jivu na vumbi, tena kwa kiasi. Hakizuii kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo hushika chembe nyekundu za damu mahali palipokuwa pa oksijeni. Ufukweni hilo ni balaa. Kwenye mita 3,500, ambako oksijeni tayari ni haba, ni balaa juu ya balaa. Mtu anaanza kuumwa kichwa, kichefuchefu kinamjia, maneno yanamchanganya, anaamua mambo ya ajabu. Sasa sisi waongoza wageni dalili hizo tunaziona kila wiki, ni za ugonjwa wa mwinuko. Ukosefu wa maji mwilini nao unafanana na hayo. Je, huyu ana moshi, ana kiu au ana mlima? Mimi sipotezi muda kupima. Anashushwa, na hashuki peke yake.

Athari nyingine huja miaka mingi baadaye. Mwaka 2022, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la kwanza la mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu. Mzimamoto wa ajira angalau ana faili hospitalini. Aliyejitolea hurudi nyumbani na kikohozi, akanywa maziwa ya moto, basi.

Hatari moja wageni wa kazi hii hawaiamini mpaka waione. Ukanda ule wa miti ya erika na majani ya juu una udongo mweusi uliojaa mizizi na mboji. Moto huzama humo, ukatambaa chini kimyakimya kwa siku kadhaa. Juu unaona jivu baridi, unakanyaga, mguu unazama kwenye makaa. Viatu vya raba havichelewi kuyeyuka. Miti nayo, mizizi ikishaliwa, husimama kama haijadhurika, halafu huanguka bila upepo wala mlio wa kukutahadharisha. Mawe yaliyoshikwa na mizizi hiyo hubingirikia wanaofanya kazi chini. Na usiku, watu waliolowa jasho mchana kutwa hukutwa na baridi inayokaribia kugandisha maji.

Mtu atauliza, kwa nini basi mnapanda? Tunapanda kwa ajili ya mifereji. Maji ya vihamba, yaani mashamba yetu ya migomba, hutoka zaidi msituni kuliko kwenye barafu ile inayopigwa picha. Miti ya erika hunasa ukungu, matone yakadondoka ardhini, na miongo ya moto imeisukuma misitu hiyo ishuke chini. Erika ikiisha, mfereji unakauka.

Mwaka 1991, Paul Gleason, mzimamoto wa Marekani, alifupisha usalama wa kazi hii katika mambo manne: awepo mtu wa kuuangalia moto bila kufanya kazi nyingine, mawasiliano, njia ya kutorokea, na mahali salama pa kuishia njia hiyo. Hakuna hata moja linalodai helikopta. Mwangalizi ni mpagazi mwenye macho makali aliyesimama ukingoni. Mawasiliano ni redio ikiwepo, na filimbi, maana mtandao wa simu hupotea ukiingia bondeni. Njia na mahali huchaguliwa kabla ya panga la kwanza kuinuliwa, tena hubadilika kadiri timu inavyosogea. Mimi ningeongeza la tano, orodha ya majina. Nimeona watu wakipandia vichochoro vya msituni kwa moyo safi kabisa, bila kuandikwa popote. Usiku ukiingia hakuna anayejua nani amebaki juu.

Oktoba 2022 mlima uliwaka tena, safari hii upande wa kusini karibu na kambi ya Karanga. Utawaka na kiangazi kingine. Vijana wakija kwangu wakiwa na mapanga yao, simuulizi mtu kama ana nguvu, nguvu wanazo. Namwambia kila mmoja anyooshe mkono anionyeshe atakimbilia wapi, na atakimbilia wapi upepo ukigeuka. Asiyejua anabaki na akina mama wanaopika chai ya wazimamoto, na niamini, chai ile nayo huwa haitoshi.