Gemu Ikijifunga Wakati wa Kusevu, Usikimbilie Kupiga Windows

Kijana mmoja anayefanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, huko Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, alishuka Kahama na Hiace akiwa amepakata kompyuta ya mezani iliyofungwa kwa shuka. Aliiweka juu ya meza yangu taratibu kama mtu aliyebeba mayai. "Shikamoo, fundi. Gemu inacheza vizuri kabisa. Ikifika kwenye kusevu tu, inajifunga." Gemu yenyewe ilikuwa PES 2017, ya mpira wa miguu, na yeye alikuwa msimu wa saba wa Master League, matunda ya jioni nyingi baada ya kazi. Fundi wa kwanza alishamwambia dawa ni kupiga Windows upya. Alikataa, na alifanya vyema kukataa.

Kupiga Windows kungefuta kile kile alichotaka kukiokoa. PES 2017 haiweki kumbukumbu za mchezaji mahali ilipo gemu yenyewe. Inaziweka kwenye folda la Documents, ndani ya KONAMI, kisha Pro Evolution Soccer 2017, kisha folda dogo linaloitwa save. GTA San Andreas nayo ina folda lake humo humo kwenye Documents, na Euro Truck Simulator 2 vivyo hivyo. Kwa kawaida Documents inakaa kwenye C, na C ndiyo inayofutwa fundi anaposafisha mashine ili aweke Windows mpya. Gemu itarudi, misimu saba haitarudi.

Kwanza tuelewe kusevu ni nini. Muda wote unaocheza, magoli, fedha za klabu na majeruhi vyote vinakaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda inayopotea umeme ukikatika. Gemu inaweza kukimbia saa tatu bila kuhitaji kuandika chochote cha maana kwenye diski. Ukibonyeza kusevu, ndipo inapobisha hodi: inaiomba Windows ifungue faili, inaandika, inalifunga. Gemu iliyotengenezwa kwa uangalifu ikikataliwa hukuambia kuwa imeshindikana. Nyingine hazikuandaliwa kusikia jibu la hapana. Zikikataliwa zinaendelea kana kwamba faili limefunguka, kisha zinaanguka. Kwa hiyo gemu inayocheza vizuri na kufia kwenye kusevu pekee inakuelekeza mahali pa kutazama. Mara nyingi gemu ni nzima, na kilicho kibovu ni pale inapoandikia.

Swali langu la kwanza kwa mteja huwa hili: inayozima ni gemu au ni mashine nzima? Mashine nzima ikijiwasha upya, shuku umeme, joto au pawa saplai. Gemu peke yake ikitoweka na ukarudi kwenye skrini ya Windows, shuku faili, ruhusa au diski. Swali la pili: umejaribu kusevu kwenye nafasi mpya? Nafasi mpya ikikubali, faili la zamani ndilo lililoharibika. Zote zikikataa, tatizo ni mahali.

Kujaa kwa C ni jambo la dakika moja kulitazama, kwa hiyo litazame mapema. Jambo linalowasumbua wengi bila kulijua ni ulinzi wa folda. Tangu mwaka 2017 Windows 10 ina kinga ndani ya Windows Defender iitwayo Controlled folder access, iliyowekwa kuzuia virusi vinavyofunga mafaili ya watu na kudai fedha. Haiji ikiwa imewashwa, ila mtu akiiwasha, programu isiyofahamika haiandiki kwenye Documents. Gemu uliyokopiwa kwa flashi kwenye kibanda cha jirani haifahamiki, basi inazuiwa. Usiizime kinga yote kwa sababu ya gemu. Ingia kwenye orodha ya programu zinazoruhusiwa, iongeze gemu hiyo moja, basi.

Gemu hizo za kukopiana zina shida nyingine. Antivirusi mara nyingi huondoa faili moja au mawili ndani yake kimya kimya, na gemu inaendelea kufunguka hadi inapolihitaji faili lililoondolewa. GTA yenye modi nyingi ina shida inayofanana na hiyo: modi ikiongeza vitu ambavyo faili la kusevu halikuandaliwa kuvibeba, kusevu kunakwama. Toa modi zote, jaribu, kisha rudisha moja moja. Kazi hiyo inachosha, lakini ndiyo itakayokuonyesha modi yenye matatizo.

Nirudi kwa kijana wa Kakola, maana kesi yake ni ya ukanda wetu. Nafasi kwenye C ilikuwepo ya kutosha. Kinga ilikuwa imezimwa. Nafasi mpya ya kusevu nayo ilikataa. Nikachomeka flashi na kuanza kulikopi folda la save. Mafaili mawili yakapita. La tatu likasimama, na taa ya diski ikawaka bila kupepesa karibu dakika nzima. Nikafungua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma taarifa ambazo diski yenyewe hujiandikia kuhusu afya yake. Rangi ilikuwa ya njano. Mstari wa C5, unaohesabu sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua kuzitenga, haukuwa sifuri.

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, umeme wa hapo kwenu ukoje?" Akacheka. Anakaa laini moja na makarasha. Mota zikianza kuzunguka asubuhi, taa za nyumbani zinafifia, na kompyuta hujiwasha upya yenyewe.

Hilo lina maelezo ya kifundi. Mota ya kawaida ya kusagia mawe, inapoanza kutoka kusimama, huvuta umeme mara tano hadi saba ya ule inaotumia ikishashika mwendo. Mota kadhaa zikiwashwa kwenye laini ndefu, volti za majirani zinashuka kwa sekunde chache. Pawa saplai ya kompyuta ya mezani ina akiba ya kuvumilia takriban sehemu moja ya sitini ya sekunde tu umeme unapokatika. Kukatika au kushuka mno kukizidi muda huo, mashine inazimika. Ikizimika wakati diski ngumu iko katikati ya kuandika, sekta inabaki nusu mpya, nusu ya zamani. Rudia hivyo asubuhi baada ya asubuhi, na hasara inajikusanya.

Watu huniuliza, je, Windows haijilindi? Inajilinda, kwa mpaka. Mfumo wa NTFS una shajara inayolinda mpangilio wa mafolda na majina ya mafaili. Yaliyomo ndani ya faili hayako kwenye ulinzi huo. Ndiyo maana baada ya umeme kukatika unaweza kulikuta faili lako lipo, jina lake sahihi, ukubwa wake sifuri. Na jambo hili wachache wanalijua: skrini ikisema imeshasevu, Windows inaweza kuwa bado imeshika data hiyo kwenye RAM kwa sekunde kadhaa kabla ya kuishusha kwenye diski. Usichomoe waya papo hapo. Zima mashine kwa utaratibu.

Hapa nina ugomvi wa dhati na baadhi yetu mafundi. Diski ikionyesha dalili kama hizo, wengi hukimbilia amri ya chkdsk yenye /r, inayopekua diski nzima sekta kwa sekta. Kwenye diski inayokufa, kazi hiyo ya saa nyingi inaweza kuimaliza kabisa, na mafaili yaliyokuwa bado yanasomeka yakaenda nayo. Okoa kwanza, tibu baadaye. Niliizima Windows yake, nikaichomeka diski kwenye mashine nyingine, nikakopi folda la save peke yake, nikirudia lile faili gumu mpaka likakubali mara ya nne. Faili la karibuni lilikuwa sifuri, halina kitu. Lile la mwisho wa msimu wa sita lilikuwa zima. Alipoteza nusu msimu. Tulibadilisha diski tukaweka SSD, naye akanunua UPS ndogo. Stabilaiza peke yake isingemtosha, kwa sababu inapandisha volti zinazoshuka lakini haina betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika.

Kopi yako ya akiba nayo iangalie. Kuna flashi sokoni zimeandikwa GB 64 na ndani zina chipu ya GB 8, na kompyuta inadanganywa iamini 64. Mafaili ya kwanza yanaingia vizuri. Yanayozidi hapo yanaonekana kwenye orodha lakini hayafunguki. Programu ya H2testw huijaza flashi yote na kuisoma tena, ikakuambia ukubwa wa kweli. Ijaribu flashi ikiwa mpya, kabla hujaweka chochote. Kwa wanaocheza PS2 kwenye vibanda, kadi halisi ya kumbukumbu ni ya MB 8, na kanuni yake ni moja: usiichomoe wala kuzima mashine wakati wa kusevu.

"Wabeja, fundi," aliniambia akiifunga tena kompyuta kwenye lile shuka. Wewe unayesoma hapa Kahama, Katoro au Geita mjini, siku utakapopeleka mashine kwa fundi yeyote, mimi nikiwemo, usiondoke kabla ya kumwambia akopi folda lote la Documents pembeni, na likae hapo mpaka gemu ifunguke na wewe uone kwa macho yako kwamba imesevu.