Kifundo cha Mguu Huokolewa Barabarani Kabla ya Kutengenezwa Hospitalini



Barabara itokayo mpakani Mpondwe, ikapita Bwera, Kikorongo, Kasese na Hima hadi Fort Portal, ndiyo mshipa wa riziki yetu. Humo hupita malori ya saruji, magari ya mizigo yaendayo Kongo na bodaboda zisizohesabika. Mguu wa mpanda pikipiki hauna kinga: hakuna mlango wala bati linaloutenga na bampa ya gari, na pikipiki ikianguka ubavu, uzito wake huweza kukilalia kifundo cha mguu. Katika toleo hili tunaeleza jinsi madaktari wanavyokijenga upya kifundo kilichovunjika. Sisi polisi tunalisemea jambo hili la hospitali kwa sababu mafanikio ya mpasuaji hutegemea sana matendo ya watu waliomfikia majeruhi kwanza, nao mara nyingi ni raia na polisi.

Kifundo kilivyoumbwa

Kifundo ni makutano ya mifupa mitatu. Mfupa mkubwa wa muundi, pamoja na mwembamba ulio kando yake, hushuka na kufanya umbo kama mdomo wa koleo. Ndani ya mdomo huo hukaa mfupa wa tatu, uliopakana na kisigino. Nundu mbili tunazozigusa kila upande wa kifundo ni ncha za ile mifupa miwili ya juu. Kano imara huifunga mifupa yote pamoja, na gegedu laini huifunika mahali inapogusana.

Maungo haya hayavumilii kosa dogo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1976 ulionyesha kwamba mfupa wa tatu ukihama kwa milimita 1 tu, eneo la kugusana hupungua kwa asilimia 42. Uzito wa mwili hubaki uleule, lakini hubebwa na sehemu ndogo. Gegedu husagika, na baada ya miaka michache mtu hupatwa na maumivu ya kudumu. Ndiyo sababu kukanda na kufunga majani hakutoshi. Mkono wa mkandaji, hata uwe na uzoefu kiasi gani, hauwezi kuiona milimita hiyo. Picha ya eksirei huionyesha.

Saa za kwanza

Historia ya udaktari ina kisa kimoja chenye mafunzo. Mwaka 1756 mpasuaji wa London, Percivall Pott, aliangushwa na farasi, na mfupa wa mguu ukatoboa ngozi. Husimuliwa kwamba alikataa kuinuliwa kiholela. Alilala palepale barabarani hadi walipoletwa wachukuzi na miti yao. Akanunua mlango, ukapigiliwa misumari juu ya miti hiyo, akabebwa juu yake. Wenzake walikwisha kuamua kuukata mguu, lakini mwalimu wake wa zamani, Edward Nourse, aliona kwamba ungeweza kuokolewa, na ukaokolewa. Baadaye Pott aliandika juu ya mifupa iliyovunjika, na aina moja ya mvunjiko wa kifundo huitwa kwa jina lake hadi leo.

Watu wa milima ya Rwenzori wamebeba wagonjwa kwa machela tangu zamani; hekima hiyo wasiiache wanaposhuka barabarani. Kumpakia majeruhi katikati ya watu wawili juu ya bodaboda, mguu ukining'inia, huweza kugeuza mvunjiko mdogo kuwa mkubwa, na mfupa uliokuwa chini ya ngozi ukatokeza nje. Kwa hiyo tunashauri yafuatayo:

Kwanza, zuieni magari yasije yakawagonga majeruhi na waokoaji, kisha pigeni simu ya polisi, 999 au 112.

Pili, mguu usivutwe, usinyooshwe wala kukandwa, na kiatu kisivutwe kwa nguvu. Uzungushieni mto, blanketi au boksi la karatasi ngumu, mfunge kwa kitambaa juu na chini ya kifundo, bila kukaza mno.

Tatu, jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi. Damu ikitoka kwa wingi, pagandamizwe. Udongo, mavi ya ng'ombe, dawa za majani au petroli visiguse jeraha.

Nne, majeruhi asipewe chakula wala kinywaji, kwa kuwa huenda akahitaji nusukaputi.

Vidole vikiwa baridi au vya rangi ya samawati, damu haifiki mguuni. Hapo kila dakika ina thamani. Vilevile, mfupa uliotoboa ngozi hudai antibayotiki mapema, ikiwezekana ndani ya saa 1, pamoja na kinga ya pepopunda.

Kazi ya mpasuaji

Madaktari wa Bwera, Kagando au Kilembe humpokea majeruhi, humpunguzia maumivu, huurudisha mguu mahali pake na kuamua kama apelekwe mbele: Hospitali ya Rufaa ya Fort Portal, Mulago, au CoRSU iliyoko Kisubi, ambayo kazi yake hasa ni mifupa na viungo.

Jamaa wengi hulalamika wanapoona siku zinapita bila upasuaji. Mara nyingi huo si uzembe. Ngozi ya kifundo ni nyembamba. Ikipasuliwa wakati imevimba, kidonda hukataa kufunga na usaha huingia. Daktari huweza kungoja siku 7 hadi 14, mpaka mikunjo ya ngozi ionekane tena. Mvunjiko ukiwa mbaya, mguu hushikiliwa kwa muda na vyuma vinavyofungwa kwa nje. Uvimbe ukishuka, mpasuaji hupanga vipande vya mfupa kimoja kimoja, huvifunga kwa bamba na skrubu za chuma, na kurekebisha kano zilizokatika. Ikiwa gegedu limeharibika kabisa, huenda mifupa ikaunganishwa iwe mmoja. Kifundo hicho hakikunjiki tena, lakini mtu huweza kutembea bila maumivu makali.

Kisha huja subira. Kwa kawaida mgonjwa hutumia magongo kwa wiki 6 au zaidi, asikanyage kabla ya ruhusa ya daktari. Mazoezi ya viungo na kuacha sigara ni sehemu ya tiba. Anayekanyaga mapema kwa sababu watoto wanataka kula huweza kuvunja chuma na kurudi mezani pa upasuaji. Basi ndugu, kanisa, msikiti na chama cha bodaboda wamsaidie kwa chakula katika wiki hizo. Msaada huo nao ni dawa.

Majeruhi asijifiche

Tunajua kwamba wapo wanaoumia na kujificha: aliyepita njia ya panya, asiye na hati za kusafiria, au asiye na leseni. Huogopa kwamba hospitali itamkabidhi kwa polisi, naye huvumilia ndani ya nyumba mpaka mguu unaoza. Hatusemi kwamba sheria imelala. Tunasema kwamba maisha hutangulia, na maswali yetu yanaweza kungoja nje ya wodi. Mpelekeni hospitali kwanza, kisha toeni taarifa kituoni.

Dereva aliyegonga anawajibika kisheria kusimama, kusaidia na kuripoti. Wenye kushuhudia wasimpige, bali waandike namba ya gari na kutuletea. Majeruhi naye ahifadhi picha za eksirei na karatasi zote za hospitali, kwani ni ushahidi wa kesi na wa madai ya bima.

Mpasuaji wa Fort Portal au Kisubi hakuwapo barabarani. Ninyi mlikuwapo. Mguu mnaoutuliza leo kwa boksi na kitambaa ndio atakaoweza kuusimamisha kesho.