Waya wa Simu Una Kikomo Chake



Tumeulizwa: mbona tusivute intaneti ya kasi hapa Moiben kwa waya wa simu wa zamani?

Sherehe ikipigwa muziki ng'ambo ya bonde, kwako hufika mdundo mzito tu. Sauti nyembamba hupotea njiani. Waya wa shaba ni vivyo hivyo. Maongezi husafiri kwa mawimbi ya taratibu, hufika mbali. Intaneti ya kasi hutumia mawimbi ya haraka sana, nayo hufifia upesi. Karibu na kituo cha simu, ADSL iliyoboreshwa hutoa hadi megabiti 24 kwa sekunde. Ukipita kilomita 5 hivi, hubaki kidogo sana au hakuna. Na sisi tuko zaidi ya kilomita 20 kutoka Eldoret!

Faiba ni nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga. Hiyo hufika makumi ya kilomita bila kupunguza kasi.

Basi, kabla ya kuchangia intaneti ya shule au zahanati, ulizeni: Ni shaba au faiba? Kituo kiko umbali gani? Mkijibiwa tu "kasi ni nzuri", pesa za kikundi zikae kwanza.